Mandhari Kama Mtahini wa Wahusika: Funzo Kutoka kwa Filamu ya The Edge

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, ukimwuliza mwanafunzi wa shule ya upili maana ya mandhari, atakujibu bila kusita kwamba ni mahali na wakati ambapo matukio ya kazi ya fasihi hutokea. Jibu hilo ni sahihi. Matatizo huanza pale swali linapomtaka aeleze kazi ya mandhari hayo. Hapo wengi huorodhesha mahali tu: nyumbani, shuleni, hospitalini, msituni, kisha huweka nukta na kuendelea na swali linalofuata. Mwanafunzi wa aina hii ameyaona mandhari kama pazia lililotundikwa nyuma ya waigizaji. Ukilibandua na kutundika jingine, kwake mchezo hautabadilika.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mandhari yanaweza kutekeleza jukumu kubwa zaidi ya hilo. Katika kazi nyingi, mandhari ni mtahini. Huwauliza wahusika maswali ambayo hawangeulizwa wakiwa katika starehe za makwao, na majibu wanayoyatoa kwa vitendo ndiyo yanayotufichulia tabia zao halisi. Ili kulifafanua jambo hili, tutatumia filamu ya The Edge, iliyotolewa mwaka wa 1997. Hii ni filamu ya taharuki kuhusu watu waliopotea katika pori la milimani na kulazimika kupigania uhai wao.

Huenda ukauliza: kwa nini filamu, nasi tuna vitabu teule vya kushughulikia? Sababu ni mbili. Kwanza, filamu ni ndugu ya tamthilia. Muswada wa filamu hii uliandikwa na David Mamet, mwandishi wa tamthilia wa Marekani aliyetunukiwa tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1984 kwa tamthilia yake Glengarry Glen Ross. Kwa hivyo, hata porini, sehemu kubwa ya kisa hubebwa na mazungumzo. Pili, katika filamu mandhari huonekana kwa macho. Mwanafunzi aliyezoea kuyaruka maelezo ya mandhari kitabuni hawezi kuuruka mlima unaoijaza skrini nzima.

Muhtasari wa Kisa

Filamu iliongozwa na Lee Tamahori kutoka New Zealand. Kisa chake kimewekwa Alaska, jimbo la Marekani lililoko kaskazini kabisa, ingawa picha zake nyingi zilipigwa katika milima ya Alberta nchini Kanada. Mhusika mkuu ni Charles Morse (Anthony Hopkins), tajiri wa kupindukia na msomaji mkubwa wa vitabu. Amefuatana na mkewe, Mickey, ambaye ni mwanamitindo, hadi Alaska anakopigwa picha za mitindo. Mpiga picha ni Robert Green, yaani Bob (Alec Baldwin), naye msaidizi wake ni Stephen (Harold Perrineau).

Charles, Bob na Stephen wanapanda eropleni ndogo kwenda kumtafuta mwenyeji mmoja ambaye Bob anataka kumpiga picha. Wakiwa angani wanagongana na kundi la ndege, eropleni inaanguka ziwani na rubani anafariki. Watatu hao wanajinasua na kujikuta kwenye baridi kali, bila chakula na bila njia. Punde si punde dubu mkubwa anaanza kuwafuata. Stephen anauawa. Charles na Bob wanafanikiwa kumwua dubu huyo, lakini Charles tayari anashuku kwamba Bob ana uhusiano wa mapenzi na mkewe, na kwamba anapanga kumwua. Ukweli unadhihirika wakati ambapo wanakaribia kuokoka.

Ni muhimu kutambua hapa kwamba kisa kina migogoro miwili inayokwenda sambamba: mgogoro wa binadamu na mazingira yake, na mgogoro wa binadamu na binadamu mwenzake. Aghalabu wanafunzi huutambua ule wa kwanza kwa kuwa ndio wenye kishindo. Kazi ya mwalimu ni kuwaonyesha jinsi mgogoro wa kwanza unavyoufichua wa pili.

Mandhari Yanavua Vyeo

Mwanzoni mwa filamu, Charles anatambulishwa kwa mali yake. Eropleni ni yake, watu wanamnyenyekea, na yeye mwenyewe hana hakika ni nani anayempenda kwa dhati na nani anayeipenda pesa yake. Eropleni inapozama, mali hiyo yote inazama nayo. Porini pesa hazinunui moto wala hazimfukuzi dubu. Hapa mandhari yameuliza swali la kwanza: wewe ni nani ukiondolewa ulivyo navyo?

Jibu la Charles linashangaza. Yule mzee mpole aliyedhaniwa kuwa hana analolijua ila vitabu ndiye anayewaongoza vijana. Anajua jinsi ya kutengeneza dira kwa kichuma chembamba kilichosuguliwa na kuelezwa majini juu ya jani. Anajua hata kwamba barafu ikichongwa vizuri inaweza kuwa lenzi ya kuwashia moto. Maarifa haya aliyapata vitabuni, na hakuwahi kuyahitaji hadi siku hiyo. Kwa mwalimu wa fasihi, ambaye kila mwaka huulizwa na wanafunzi faida ya kusoma hadithi za watu wasiokuwapo, hili si jambo dogo.

Anayetaka mfano wa karibu zaidi aifikirie riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Msitu wa Mamba, ambako wahusika wanajikuta baada ya kufurushwa na ghasia, unawasawazisha waliokuwa na majumba na wasiokuwa na chochote. Mwanafunzi anayesema tu kwamba "msitu ni mojawapo ya mandhari" amekosa hoja. Anayesema kwamba msitu unawavua wahusika vyeo vyao ili tuone utu wao ameanza kuhakiki.

Swali la Hofu

Mandhari ya pori yanauliza swali la pili: utafanya nini ukishikwa na hofu? Katika mojawapo ya mazungumzo muhimu ya filamu, Charles anawaeleza wenzake kwamba wengi wa wanaopotea porini hufa kwa aibu. Hujiuliza wamekosea wapi, hujilaumu, na kwa hivyo hawafanyi jambo lile moja ambalo lingewaokoa, nalo ni kufikiri. Kauli hii ndiyo ufunguo wa kuwahakiki wahusika wote watatu.

Stephen anashindwa na swali hili. Hofu imemteka kiasi kwamba mikono haimtii, na anapochonga mkuki anajikata vibaya mguuni. Charles anamfunga jeraha, kisha anamwagiza Bob akakifukie kitambaa chenye damu. Bob hakifukii. Kitambaa kinaachwa kikipeperushwa na upepo, harufu inamfikia dubu, naye anakuja usiku na kumwua Stephen.

Tukio hili linafaa sana kutumiwa kufundishia msuko. Hakuna sadfa hapa. Hofu imezaa jeraha, jeraha limezaa damu, na uzembe wa mwingine umeigeuza damu kuwa mwito. Kila tukio limesababishwa na lililolitangulia, na kila moja limechimbuka katika tabia ya mhusika fulani. Waombe wanafunzi wauandike mnyororo huo kwa sentensi nne, kisha uwaulize ni nani hasa aliyemwua Stephen. Mjadala hautakosa moto.

Je, Dubu ni Mhusika?

Swali hili hujitokeza mara tu filamu inapotazamwa. Dubu aliyeigiza, aliyefahamika kwa jina la Bart, alikuwa mnyama halisi aliyefunzwa, na alionekana katika filamu nyingi kabla ya kufa mwaka wa 2000. Lakini katika kisa chenyewe, tumwainishe vipi?

Katika ngano zetu, wanyama ni wahusika kamili. Fisi ana ulafi, Simba ana kiburi, Sungura ana ujanja. Wanazungumza, wanapanga njama na wanaadhibiwa kwa makosa yao. Wamepewa sifa za binadamu ili binadamu ajione. Dubu wa The Edge hana sifa hizo. Hamchukii mtu wala hana kisasi. Amenusa damu naye ana njaa. Ndiyo maana si sahihi kumwita mhusika mwovu, kwa kuwa uovu unahitaji nia. Kwa maoni yangu, dubu huyu ni sehemu ya mandhari iliyopewa miguu na meno. Ni mtahini anayetembea.

Tofauti hii ina umuhimu wake. Tukishakubali kwamba dubu hana uovu, tunalazimika kuutafuta uovu wa kisa hiki kwingine, na tutaupata kwa binadamu. Mnyama anaua ili ashibe. Bob anataka kuua ili arithi mke na, kupitia kwake, mali.

Sungura Mwenye Kiko

Kabla ya safari, wakiwa katika nyumba ya wageni, Charles anaonyeshwa kasia la kale lililochorwa chui upande mmoja. Mwenyeji wao anamtaka abashiri kilichochorwa upande wa pili. Charles anajibu kwamba ni sungura anayevuta kiko. Sungura huyo haogopi kwa sababu anajua kwamba ana akili kumshinda chui.

Mwanafunzi wa Kenya hahitaji kufafanuliwa ishara hii na mtu yeyote. Ameijua tangu utotoni, katika ngano ambamo Sungura anamtumbukiza Simba kisimani kwa kumwonyesha kivuli chake mwenyewe. Mbinu iliyotumika ni utabiri: kasia linatuambia mapema nani atamshinda nani na kwa silaha gani. Hii ni nafasi nzuri ya kuunganisha fasihi simulizi na fasihi andishi, ambazo mara nyingi tunazifundisha kana kwamba hazijuani.

Kuna dokezo jingine linaloihusu Kenya moja kwa moja. Charles anapomshawishi Bob kwamba wanaweza kumwua dubu, anamtajia wavulana wa Kimaasai wanaowaua simba kwa mikuki wakiwa bado wadogo. Kisha anasisitiza kwamba alilowahi kuliweza mtu mmoja, mwingine pia analiweza. Wanafunzi wetu wana haki ya kuipima kauli hii. Miongoni mwa Wamaasai, kumkabili simba ilikuwa kazi ya morani, si ya watoto. Basi maarifa ya Charles si kamili; hapa kitabu chake kimempotosha kidogo. Lakini angalia kinachofuata: kosa hilo haliwazuii kufaulu, kwa kuwa kilichohitajika si takwimu bali ujasiri wa kufikiri na kutenda. Wanachonga mikuki, wanamvuta dubu mahali walipopachagua wao, naye anauawa kwa mkuki unaoingizwa mwilini na uzito wake mwenyewe. Sungura amemshinda chui.

Kinaya cha Kibanda

Tumefika penye kiini cha hoja yetu. Baada ya dubu kufa, Charles na Bob wanafika kwenye kibanda kitupu karibu na mto. Kuna paa, kuna pombe, kuna bunduki, na kuna mtumbwi unaoweza kuwapeleka kwa watu. Mtazamaji anashusha pumzi. Na hapo ndipo Bob anapoijaza bunduki risasi.

Kwa nini hakumwua Charles mapema? Kwa sababu alimhitaji. Porini, maarifa ya Charles yalikuwa ngao ya uhai wa Bob. Mara tu mandhari yanapokuwa salama, hitaji hilo linakwisha na nia inafichuka. Kwa hivyo, mahali penye starehe ndipo penye hatari kubwa zaidi, na pori lililowatisha ndilo lililokuwa likimlinda Charles. Hiki ni kinaya cha mandhari, na taharuki yote ya filamu imejengwa juu yake. Mwanafunzi anayeamini kwamba msitu daima ni hatari na nyumba daima ni usalama atashindwa kukiona.

Tazama pia jinsi Charles anavyoupata ushahidi. Haupati kwa kupigana bali kwa kusoma: anaiona stakabadhi inayothibitisha kwamba mkewe alimnunulia Bob saa kama alivyomnunulia yeye. Msomaji anabaki msomaji hadi mwisho.

Mtihani wa Mwisho

Bob anamtoa Charles nje ili ampige risasi, lakini anatumbukia katika shimo la mtego wa wanyama na mguu wake unaumia vibaya. Sasa mandhari yanamgeukia Charles na kumwuliza swali gumu kuliko yote: adui yako yuko shimoni, hakuna anayeona, utafanya nini?

Charles anamwopoa. Anamfunga majeraha, anampakia mtumbwini na kumwashia moto ukingoni mwa mto. Bob anaomba radhi na kumweleza kwamba Mickey hakujua lolote kuhusu njama ya mauaji. Helikopta inakuja, lakini Bob anakufa kabla ya kuokolewa. Charles anaporudi, waandishi wa habari wanamwuliza wenzake walikufaje. Anawajibu kwamba walikufa wakiyaokoa maisha yake.

Jibu hili ni fupi, lakini lingeweza kutosha kipindi kizima. Je, Charles amedanganya? Au anamaanisha kwamba, kwa kumlazimisha kujitambua, wenzake walimwokoa kweli kutoka katika maisha matupu aliyokuwa nayo? Ikumbukwe kwamba mkewe amesimama hapo, na saa inayomsuta tayari imerudi mkononi mwake. Usiwape wanafunzi jibu. Wadai watoe ushahidi.

Kasoro za Filamu

Uhakiki si usifu. Mickey hapewi nafasi ya kusema lake. Yeye ni tuzo inayogombewa na wanaume wawili. Wenyeji wa asili wa Alaska wanakaribia kuwa picha ya kupamba jarida tu, ilhali wao ndio wanaolijua pori hilo. Stephen, mtu mweusi wa pekee miongoni mwa watatu hao, ndiye wa kwanza kuuawa na dubu, na ndiye aliyechorwa kuwa mwoga kuliko wote. Wanafunzi waulizwe: je, hofu yake imetokana na hali, au ni mazoea ya filamu za Marekani za wakati huo? Maswali haya yatawasaidia wanaposhughulikia usawiri wa wahusika katika kazi yoyote.

Kuitumia Darasani

Filamu hii ina matukio ya damu na lugha kali, na huko Marekani iliwekewa daraja la R, ambalo humtaka mtazamaji aliye chini ya miaka 17 kuandamana na mtu mzima. Itazame yote kwanza, kisha uteue sehemu chache zinazofaa. Na iwapo shule yako haina projekta, usife moyo. Simulia kisa kama mtambaji wa ngano, kwa kuwa hoja tulizozijadili hapa zinaweza kufuatwa hata bila skrini.

Baada ya hapo, rudini kwenye kitabu chenu. Kila mnapokutana na mahali papya, mwanafunzi ajiulize maswali matatu: mahali hapa pamemwondolea mhusika nini? Pamemlazimisha kuchagua kati ya nini na nini? Uchaguzi wake umetufichulia nini? Kisima katika Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, kwa mfano, kitakoma kuwa shimo la maji na kuanza kuwa kipimo cha utawala wa Butangi.

Hitimisho

Tumeona kwamba mandhari yanaweza kuvua vyeo, kupima hofu, kuficha na kufichua nia, na hatimaye kupima utu. Mwanafunzi akilielewa hili, hatakariri tena orodha ya mahali. Ataweza kueleza kwa nini mwandishi alipachagua pale badala ya pengine, na hapo ndipo uhakiki unapoanza.

Maswali ya Mazoezi

1. "Mahali salama ndipo palipo na hatari zaidi." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea filamu ya The Edge au kitabu teule ulichokisoma.

2. Linganisha dubu wa filamu hii na mnyama yeyote katika ngano unayoijua. Ni yupi anayestahili kuitwa mhusika? Toa sababu.

3. Eleza jinsi ishara ya sungura mwenye kiko inavyotabiri mwisho wa kisa.

4. Jadili jibu la Charles kwa waandishi wa habari. Je, ni uongo, ni ukweli, au ni msamaha?